Yai la Kwanza na Kiwiko cha Gerlof

Kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, anayeliona yai la kwanza la ljip, ndege anayetaga chini kwenye malisho, mwezi wa Machi hulipeleka kwa meya, hupewa mkono wa pongezi, na jina lake na tarehe huandikwa kwenye ubao wa mkahawa wa kijiji. Gerlof Hoekema alilitafuta yai hilo miaka thelathini na minane. Alilipata akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Nilikuwa jirani yake, ukuta mmoja kati yetu. Maisha yake yote alikamua ng'ombe wa watu wengine, na mikono yake ilikuwa mipana kama majembe. Mkewe, Tjitske, alikuwa amepooza miguu kwa miaka tisa. Kila asubuhi nilisikia ubao wa sakafu yao ukilia mara moja, kwa uzito wa watu wawili kwenye miguu ya mmoja. Ndipo nilipojua kwamba Gerlof amembeba mkewe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha dirishani. Halmashauri ilitaka kuwaletea mashine ya kunyanyulia. Alikataa.

"Mashine haijui anapotekenyeka," alisema.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali. Sisi yai tunalibeba ndani ya kofia, kichwani, lakini Gerlof hakuiamini kofia yake kwa upepo ule. Akaivua, akaishika kwa mkono wa kulia na yai ndani yake. Mbele yake kulikuwa na mtaro mpana wa maji. Mitaro tunairuka kwa upondo, mti mrefu tunaouchomeka majini na kujirusha nao, na upondo hushikwa kwa mikono miwili. Hilo hata mtoto anajua. Yeye aliushika kwa mmoja. Ulipoteleza kwenye tope aliangukia ukingo wa pili, kiganja cha kushoto chini, mkono umenyooka, mwili wote juu yake.

Yai halikupata hata ufa.

Aliendesha baiskeli hadi kwa meya kwa mkono mmoja. Jioni, mkahawani, tulimnywesha bia, na mkono wa kushoto haukutoka mfukoni.

"Huo una nini?" nilimuuliza.

"Umeona wivu. Meya ameshika mwenzake."

Tulicheka, mimi zaidi ya wote. Nilikuwa nimeona kiwiko kimevimba ndani ya koti, nikakaa kimya kwa sababu ilikuwa siku yake.

Wiki zilizofuata ubao wa sakafu ulilia mara mbili, mara tatu, na kupitia ukutani nilimsikia Tjitske:

"Siku hizi unanibeba kama gunia la viazi, Gerlof."

"Umenenepa."

"Kwa supu yako ile? Hata panya wameihama."

Asubuhi moja sikusikia ubao, nilisikia kishindo. Niliwakuta wote wawili sakafuni, wameegemea kitanda. Gerlof alikuwa amemkumbatia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala pembeni kama si wake.

"Jirani," Tjitske aliniambia, "tupeleke hospitali. Mimi sijaumia. Huyu ndiye mgonjwa, na ni mwongo."

Daktari wa upasuaji, mwanamke mrefu aitwaye Roorda, aliitazama picha ya eksirei kwa muda.

"Mzee Hoekema, ulianguka lini?"

"Juzijuzi."

"Siku ishirini na sita," alisema Tjitske kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Tarehe iko ubaoni mkahawani, nenda kasome."

Daktari alieleza kwamba mwishoni mwa mfupa wa juu wa mkono, kwenye kiwiko, upande wa nje, kuna kichwa cha mviringo, na mfupa wa chini huzunguka juu yake. Cha Gerlof kilikuwa kimekatika, kikasukumwa mbele na kugeuka. Mvunjiko wa namna hiyo aliuona mara moja au mbili kwa mwaka.

"Hicho kipande ni kikubwa kiasi gani?" Gerlof aliuliza.

"Kama nusu ya yai dogo."

Gerlof aliinamisha kichwa.

"Ungekuja mapema," daktari aliendelea, "ningekirudisha kwa skrubu mbili ndogo, zikazama chini ya gegedu, na mkono ungeanza mazoezi baada ya siku chache. Sasa kimeanza kuota mahali pasipo pake. Nitajaribu, lakini siahidi kitu. Kwa nini hukuja?"

"Mngenifunga mkono," alisema Gerlof, "na yeye mngemchukua."

"Tungemchukua kwa miezi michache," daktari alijibu kwa upole. "Kisha angerudi."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Daktari alikibandua kipande, akakirudisha na kukifunga kwa skrubu, lakini sehemu yake ilikuwa imeshakufa. Gerlof alifanya mazoezi majira yote ya joto, meno yameumana. Mwezi wa Septemba daktari aliupima mkono: haukunyooka, haukukunjika hadi begani.

"Birika la kahawa utabeba," alimwambia. "Mtu, hapana."

Mwezi wa Oktoba Tjitske alihamia nyumba ya wazee mjini. Ile mashine ya nyumbani, walipoiomba tena, ilihitaji mtu wa pili mwenye mikono mizima, na mtu huyo hakuwepo. Mimi pia sikujitolea. Nilisema mgongo wangu unauma, na ulikuwa ukiuma kweli, ila si kiasi hicho.

Kila siku Gerlof huenda kumwona kwa baiskeli. Mara moja nilifuatana naye. Wauguzi wawili walimfunga Tjitske mkanda, mashine ikamnyanyua polepole, miguu ikining'inia hewani. Gerlof alisimama karibu, kiwiko cha kushoto kimekunjwa nusu, kama mtu aliyebeba kitu. Kwa mkono wa kulia alishika nyayo za mkewe ili zisigonge chuma.

"Hapo," alisema Tjitske. "Hapo ndipo ninapotekenyeka."

"Najua," alisema Gerlof, na hakuziachia nyayo mpaka mkewe alipofika kwenye kiti.