Eda ya Mwanafunzi wa Kiingereza

Alasiri watoto wakitoka shule, chumba cha chini cha nyumba ya Bi Nabiha, Mji wa Kale, hugeuka darasa. Mwalimu ni Shifa, mjane wa mwanawe. Hufundisha Kiingereza cha mtihani, tena hufundisha vizuri, kwa sauti ya chini ambayo hata watundu huinama waisikie. Asubuhi huandika. Huandika menyu za mikahawa ya watalii, sifa za vyumba vya hoteli ambavyo hajawahi kuvilalia, hotuba za mabwana harusi walioishiwa na maneno kabla hata ya kuoa, na insha za wanafunzi wa ng'ambo ambao kazi yao ni kutia jina tu. Ukimuuliza mambo yaendaje atakwambia alhamdulillahi. Anayemjua hujua kwamba hapo hajajibu kitu.

Alipoanza kusomea shahada ya uzamili ya Kiingereza na uandishi, mtaa mzima ulipata la kusema. Kwani Kiingereza cha digrii ya kwanza kimekwisha? Na huo uandishi, ina maana miaka yote hiyo hakujua kuandika? Mumewe, Badawi, fundi wa kuchonga milango, hakubishana na mtu. Alimtengenezea meza, akaipandisha ghorofani na kuiweka dirishani, penye upepo na mwanga. Juu ya meza hiyo Shifa aliandika tasnifu yake, mkusanyiko wa hadithi kuhusu wanawake wa mtaa ule ule uliokuwa ukimcheka. Ilipokamilika, msimamizi wake alimwambia kuna nafasi moja idarani, ya mhadhiri msaidizi, na atapewa mwanafunzi atakayekuwa ametetea tasnifu yake mbele ya jopo mwaka ule. Waliokuwa tayari ni wawili, yeye na Kanze, na Kanze mwenyewe alikuwa akisema waziwazi kwamba nafasi ni ya Shifa.

Badawi akaanguka karakanani asubuhi moja, na kabla jua halijatua alikuwa keshazikwa. Shifa akakaa eda. Kizuka, kama watu wa Mombasa wanavyomwita mjane aliye edani, hukaa ndani miezi minne na zaidi. Hajipambi, hatii manukato, hatoki. Siku ya jopo iliangukia katikati ya eda hiyo. Wakati ule mambo ya kutetea tasnifu kwa kompyuta ukiwa nyumbani yalikuwa hayajaja, na wakubwa wa jopo walitoka mbali, hawakuwa watu wa kumngoja mtu.

Kanze alikuja kumtazama, kajitanda mtandio kwa heshima ya nyumba, akakaa naye mkekani.

"Mimi si Mwislamu, sheria zenu sizijui," alisema. "Lakini kuna mama mmoja nilifanya kazi naye, alikuwa edani na mchana akija kazini, jioni anarudi kulala kwake. Muulize mama mkwe wako."

"Hayo hayaulizwi, Kanze."

"Kwa nini?"

"Nitaonekana kaburi la mume wangu halijakauka, nami nataka kutoka."

Hapo ndipo alipokosea, wala kosa lenyewe halikuwa la ujinga. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyejua kuuliza maswali kuliko yeye, alikuwa ameyasomea. Lakini Bi Nabiha alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, na kila asubuhi alipanda ngazi kwa magoti yake mabovu, akaweka bakuli la uji juu ya meza ya Badawi, akauliza, "Umelalaje, mwanangu? Wataka kitu?" Na Shifa akajibu, "Sitaki kitu, mama." Swali lile lile, jibu lile lile, na kila mmoja akabaki akiamini kwamba amemstahi mwenzake. Wanaosema adabu haina hasara hawakuishi katika nyumba hiyo.

Asubuhi ya jopo Bi Nabiha aliuliza mara mbili. Shifa akasema hataki kitu.

Kanze akapata nafasi. Shifa alipotoka edani alikuta msimamizi wake amehama na tasnifu imekabidhiwa mtu asiyeijua wala kuipenda. Akatakiwa ajiandikishe upya, alipe upya, na baadhi ya sura aziandike upya. Alijikokota muhula mmoja, kisha pole pole akaacha kupokea simu za chuo. Shahada hana mpaka leo.

Mwezi uliopita Kanze, ambaye siku hizi ni Daktari Kanze, alimwomba aje azungumze na wanafunzi wake wa uzamili kuhusu kazi anazoweza kupata mtu aliyesomea uandishi. Shifa alicheka kwanza, kicheko kikavu, kisha akakubali. Alitoka kwa miguu hadi Makadara, na tuktuk ya kwanza kumsimamia ikawa ya Mzamil, kijana wa mtaani kwao aliyekuwa Diani miaka mingi na juzi tu amerudi.

"Leo umekubali kupanda, Mwalimu," alisema Mzamil akitabasamu.

"Kwani lini nalikataa?"

"Siku ile ya mtihani wako wa chuo, ulipokuwa kwenye eda. Bi Nabiha alinituma ningoje chini ya dirisha lako. Akanambia ukishuka nikupeleke na nikurudishe, usiposhuka nisipande kukuuliza. Nalingoja mpaka adhuhuri ikaadhiniwa."

Walipofika chuoni Shifa alimlipa, akaingia.

Mbele ya wanafunzi alisema kweli, maana hakuwa na nguvu ya kutunga jingine. Kazi zipo, aliwaambia, ila nyingi ni za kuandika kwa jina la mtu mwingine. Aliwasihi waulize, waombe, wasione haya kugonga mlango wa mtu. Msichana wa mbele, Aida, akataka kujua yeye alimaliza mwaka gani.

"Sikumaliza," alijibu, na Kanze akainamisha kichwa.

Jioni alimkuta mavyaa yake jikoni akikuna nazi.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Wamekupokea vyema?"

"Wamenipokea. Mama, tuktuk ya Mzamil, siku ile ya jopo. Ndiwe uliyeituma?"

Mkono wa Bi Nabiha ukasimama. "Ndimi. Nalikwenda kwa Maalim nikamuuliza. Akasema mchana kwa haja yako waweza kutoka, bora ulale hapa. Nikafurahi, nikamwita Mzamil."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Mwanangu amekufa, wewe u kizuka ndani ya nyumba yake, kisha mimi nije nikwambie toka? Ungeona nakufukuza." Alikitazama kifuu mkononi mwake. "Nalikuuliza wataka nini. Mara mbili nalikuuliza."

"Nami nikasema sitaki kitu."

"Ukasema hutaki kitu."

Bi Nabiha akarudi kukuna nazi, pole pole, macho yamemjaa machozi wala asiyafute. Shifa alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye, na uchungu ulimzidi kwa kuwa hakuona wa kumlaumu. Alitaka kumwambia si kitu, yashapita. Lakini yalikuwa hayajapita, na wote wawili walijua.

Akapanda juu, akaketi kwenye meza ya Badawi. Asubuhi ile ya jopo ilikuwa imemrudia yote tangu Mzamil alipofungua mdomo. Alikuwa ameketi papo hapo, tasnifu i mbele yake, ametega sikio ngazini akiomba mtu apande amwambie nenda. Chini ya dirisha tuktuk ilinguruma, ikazimwa, ikawashwa tena, asisikie kitu kingine. Alivumilia kidogo, kisha akainuka, akafunga dirisha ili asisikie kelele zake.