Panya Anayetwanga Sombe

Sijipigi kifua bure: panya yule wa Kalembe ni wangu. Ni panya wa mchezo wa zamani wa video, amevaa buti, anatafuta ufunguo ndani ya ngome. Mtu wa kawaida humaliza ngome ile kwa saa nzima. Wangu aliimaliza kwa dakika kumi na moja.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka kwetu Ngungu. Maharage yetu walivuna wengine, nyumba yetu walilala wengine. Kalembe nilipata kazi kwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, mwenye duka la kuchaji simu na kunakili filamu kwa ordinatere, yaani kompyuta. Wateja wasipokuwepo, nilikuwa na panya wangu. Programu moja ilisimamisha mchezo picha kwa picha: unabonyeza, unatazama, ukikosea unarudi nyuma. Inaandika kila kitufe ulichobonyeza, halafu inaucheza mchezo wote yenyewe, kwa mwendo wa kawaida. Si mbio za vidole. Ni uvumilivu na kichwa kigumu, na vyote viwili ninavyo. Nilimpanga panya yule miezi mitano.

Kuna mlango mmoja usiofunguka mpaka muda wake ufike. Hata ufanye nini, utasubiri. Sikutaka panya wangu asimame kama mlinzi anayesinzia, nikamrusha-rusha kwa mdundo wa mama na shangazi yangu wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja: mmoja anashusha mchi, mwingine anapandisha, kisha mapigo mawili ya haraka. Nilipomaliza niliandika jina langu kwenye faili ndogo kando yake.

Patron, yaani mwenye duka, alimnakilia kila aliyeiomba kazi ile na programu yake, pamoja na filamu. Sikukataa, nilipenda ionwe.

Siku moja ya soko tulipeleka chumvi na sabuni Mpofi kwa lori la patron. Kwenye nyumba ya kuchaji simu watu walikuwa wamejaa, wanamtazama panya wangu. Mwenye nyumba, kijana wa umri wangu, alikuwa anapokea sifa. Ile faili yenye jina langu haikuwepo.

"Njo miye nilifanya," aliwaambia, akijigusa kifua. "Miezi mingi."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Shamba lilichukuliwa na wenye bunduki, nikanyamaza. Huyu hakuwa na bunduki.

Panya alipofika mlangoni nikauliza, "Kaka, sasa hii kuruka-ruka iko ya nini?"

Hakusita. "Ile njo siri, dada. Inafanya mulango ifunguke mbio. Bila vile utangoja sana."

Niliomba kiti. Nikafuta miruko yote, nikamwacha panya asimame tu, nikauendesha mchezo upya. Mlango ulifunguka wakati uleule. Kisha nikairudisha miruko na kuupiga mdundo mezani kwa vidole, panya akiruka pamoja nami. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi akacheka. "Huyu anatwanga sombe," akasema.

Kijana aliinamisha kichwa. Ningeweza kuondoka hapo nimeridhika. Lakini alisema polepole, "Ya mulango iko yako, dada. Lakini muto, muto njo niliifanya miye."

Nikatazama pale panya anapovuka mto wa ngome. Mimi nilimvusha panya mtoni kwa magogo matatu, yeye alitumia mawili. Njia hiyo niliitafuta wiki tatu nikaikosa. Iliniuma kukubali, lakini ilikuwa kazi safi.

"Basi andika," nilimwambia. "Jina langu juu. Lako chini, uandike muto iko yako. Na uandike mulango iko mama yangu anatwanga sombe."

Aliandika watu wote wakitazama, nami nikabeba nakala yenye mto wake.

Miaka baadaye nilirudi Ngungu. Shamba letu lina mtu mwingine hadi leo. Sokoni nilimkuta binti mmoja akiwaonyesha watu panya wangu. Majina kwenye faili sasa yalikuwa sita, langu juu kabisa. Mtu akauliza kwa nini anaruka-ruka mlangoni.

"Ile iko mama ya mwenye alianza hii kazi," binti akajibu. "Anatwanga sombe."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilisimama pale, machozi yananitoka, mpaka panya akapita mlango.