Kipimajoto Namba Sita

Kwa miaka ishirini na sita Verna Stolpe alifundisha vitendo vya kemia katika chuo kidogo kaskazini mwa Minnesota, na hakuna aliyewahi kumwona akimpa mwanafunzi kumi juu ya kumi. Sheria zake zilibandikwa mlangoni: daftari liandikwe kwa wino, kurasa zitiwe namba, na atakayechana ukurasa asirudi. Alizipenda sheria hizo kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Silaha yake ilikuwa kipimajoto namba sita. Kilikuwa kibovu: joto likipanda digrii tano, chenyewe kinasoma nne. Badala ya kukitupa, kila mwaka alimpa mwanafunzi mmoja akitumie siku ya kuchanganya tindikali na magadi ya sabuni, kupima joto linalotoka. Jibu la kitabuni ni kilojuli hamsini na saba. Mwenye namba sita, akiwa mkweli, angepata arobaini na sita, akakatwa alama chache tu. Akileta hamsini na saba, basi amepika namba, na huyo ni halali yake. Alikwisha kuwanasa kumi na mmoja.

Mwaka ule kilimwangukia Darlene Kivisto, binti wa mchimba chuma, wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Alikuwa akisomeshwa na chama cha wachimbaji, na akifeli somo moja tu, safari imeishia hapo.

Alileta hamsini na sita nukta nane.

"Umeipata wapi hii?" Verna aliuliza, darasa zima likisikia.

"Nimepima, mwalimu. Nimerudia mara tatu, zote zimo humo."

"Mara tatu! Kumbe mpishi hodari. Na chumvi ulitia?"

Darasa likaangua kicheko. Darlene akawa mwekundu hadi shingoni.

"Haki ya Mungu sijapika kitu, mwalimu. Simama hapa, nirudie mbele ya macho yako."

"Jikoni kwangu hakurudiwi, binti. Funga daftari."

Kamati ya nidhamu ya chuo ilimaliza kazi kwa dakika kumi: Darlene akafukuzwa. Baba yake alikuja kumchukua na pikapu, theluji imejaa nyuma. Alivua kofia, akamwomba Verna radhi kwa aibu aliyoileta mtoto wake. Verna akazipokea radhi hizo. Baadaye aliposikia kwamba Darlene anapika katika kantini ya mgodi, alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Aprili, Orville wa stoo alikuja kuhesabu vifaa.

"Hicho cha sita kinakwendaje, Bi Verna?"

"Kinakwendaje vipi?"

"Si kipya? Cha zamani kilinivunjikia Agosti nikisafisha makabati. Nikaweka kingine, nikakichora namba ileile. Nikasema moyoni, mama wa watu atanishukuru, maana kile kilikuwa takataka."

"Ulimwambia nani?"

"Nani anauliza habari za kipimajoto?"

Alingoja Orville aondoke, akafunga mlango kwa ufunguo, akachanganya tindikali na magadi. Hamsini na saba. Akarudia mara mbili zaidi, na kila mara mkono wake, kwa mazoea, uliandika jibu daftarini mwake kwa wino. Sasa alijua. Binti alikuwa amepima, tena alipima vizuri, na aliomba dakika ishirini tu za kuonyesha.

Ofisi ya mkuu wa kitivo ilikuwa juu ya ngazi, hatua kumi na nne. Verna alifikiria kofia ya yule baba na akaona aibu, aibu ya kweli. Kisha akafikiria watu watakavyomcheka, na hiyo ikamuuma zaidi.

Akauchana ukurasa huo polepole, akiufuata mshono. Lakini kurasa zilikuwa na namba: baada ya arobaini sasa ilikuja arobaini na tatu, na mtoto yeyote angeliona pengo. Ikabidi alichome daftari zima ndani ya sinki. Akafungua dirisha moshi utoke, akakirudisha kipimajoto namba sita mahali pake.