Bohdana na Leseni Mpya ya Lípa

Kitu cha kwanza ambacho mgeni hukigundua kwa Bohdana Křížková ni namna anavyojibu matusi. Huyajibu kwa sauti mbele ya kompyuta yake, akirusha mikono kana kwamba aliyetukana ameketi kwenye sofa lake, kisha huandika, "Asante kwa maoni yako."

Wiki ile alishinda akifanya kazi hiyo. Alikuwa ametangaza kwamba Lípa, programu huria ambayo maktaba ndogo za Moravia, nchini Cheki, huitumia kuazimisha vitabu, itapata leseni mpya, yaani masharti mapya ya kuitumia. Kampuni moja ilikuwa imeichukua Lípa bure, ikaitia maboresho mazuri, ikayafungia ndani na kuyauza kwa maktaba zilezile. Leseni ya zamani iliruhusu hilo. Mpya ingesema: ukiitumia Lípa kuhudumia wengine, maboresho yako yaweke wazi kwa wote.

Jukwaa lao la mtandaoni likachemka. Wakutubi walishangilia. Wengine waliwaka. "Uhuru wenye masharti si uhuru!" aliandika mmoja.

"Si uhuru babu yako!" Bohdana alifoka, kisha akaandika kwa adabu kwamba hoja hiyo inastahili kufikiriwa.

Ota, rafiki aliyeanzisha naye programu hiyo, alikuwa kando yake akichovya mkate kwenye chai. Akacheka mpaka akapaliwa. "Endelea hivyo, utapewa ubalozi."

"Nyamaza ule!"

Matusi hayakumnyima usingizi. Kilichomsumbua ni Vlastimil Hudeček. Kwa utaratibu wao, kila aliyechangia msimbo wa programu hubaki mmiliki wa alichokiandika, na leseni haibadiliki mpaka wachangiaji wote waridhie. Wachangiaji wengine walikuwa wameridhia. Vlastimil, mhandisi mstaafu wa mji wa Tišnov aliyeandika sehemu ya kutafuta vitabu, alijibu neno moja tu: Hapana.

"Tuiandike upya sehemu yake," Ota alishauri. "Tumalize."

"Nimng'oe mzee wa watu kama kiraka? Wewe ungependa?"

"Mimi ningependa twende tukanywe bia."

Jumamosi Bohdana akapanda treni. Mlangoni kwa Vlastimil alivua viatu, akapewa ndara zilizomzidi, akawekewa mezani maandazi yenye jamu ya plamu.

"Karibu, Bohdanka," mzee alisema, akilidekeza jina lake. "Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kuuliza, mzee. Leseni ina ubaya gani?"

"Haina. Nimeisoma yote, ni nzuri."

Bohdana akabaki na andazi mkononi. "Sasa hiyo hapana ni ya nini?"

"Miaka yote tumekuwa tukiulizana kwanza. Hata rangi ya kitufe tuligombania wiki nzima! Safari hii nafungua jukwaa, nakuta 'Tunayo furaha kutangaza.' Ni nani hao wenye furaha? Mimi sikuulizwa kama ninayo."

Bohdana aliliweka andazi sahanini. Ni kweli, wazo lilikuwa zuri mno machoni pake hata hakufikiria kwamba kuna wa kuulizwa. Ridhaa za watu alizitafuta baadaye, kama mtu anayekusanya saini.

"Nimetangaza harusi kabla ya kuposa," alisema hatimaye.

"Na mahari hujaleta," mzee akacheka. "Kula, litapoa."

Jioni ileile Bohdana aliliondoa tangazo, akaiweka leseni mezani upya kama pendekezo, kila mtu ajadili. "Mmeogopa!" walidhihaki wachache. Lakini waliokuwa wakiwaka walianza kutoa hoja badala ya kelele, na yule wa uhuru wenye masharti akarekebisha kifungu kimoja kikaeleweka vizuri zaidi. Bohdana alimjibu "Asante," na safari hii hakuwa na la kusema kando. Wachangiaji wakaridhia tena, mmoja baada ya mwingine. Vlastimil aliandika kwamba lake atalisema ana kwa ana, Alhamisi, katika baa ya mjini Brno wanakokutana.

Alhamisi baa ilijaa. Wakutubi nao walikuja, baadhi kutoka mbali, maana maktaba zao zingekuwa za kwanza kufaidi. Bohdana aliiweka leseni tayari kwenye kompyuta. Ilibaki kubonyeza tu.

"Akikataa je?" Ota alimnong'oneza.

"Atakuwa ameulizwa," Bohdana alisema, na alijiona ametulia kuliko alivyotarajia. "Tutaanza tena."

Mlango ukafunguka, watu wote wakageuka. Alikuwa mwanafunzi mmoja, akashtuka kuona macho yote yale. Baa nzima ikaangua kicheko.

"Treni ya Tišnov imeshaingia," mtu akasema kutoka dirishani.

Bohdana akamwagizia mzee bia, akavuta kiti karibu, na kukaza macho mlangoni.