Picha ya Moyo wa Mangi

Siku yangu ya kwanza kazini Daktari Mkuu hakunionyesha hata pa kuweka mkoba. Alinisimamisha mbele ya mashine ya altrasaundi akasema, "Mama Neema, wewe piga picha. Kusoma ni kwangu. Mgonjwa asipate hata neno kutoka kwako." Hospitali za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa, na sisi pale Upanga tulijiona kweli kweli.

Tulipaka jeli kifuani, tukasogeza kile kishikio mpaka moyo uonekane ukidunda kwenye kioo, tukapima unene wa ukuta wake, kisha tukashuka ubavuni kutazama figo. Presha ikikaa miaka bila dawa, ukuta ule unanenepa na figo zinasinyaa. Majibu yalifungwa kwa gundi kwenye bahasha, mgonjwa akampelekea mwenyewe daktari aliyemtuma.

Siku moja akaja Mangi, mwenye duka la jumla Kariakoo nilikokuwa nikinunua sukari. Nilichokiona kwenye kioo kilinitia baridi. Ukuta mnene, figo zimesinyaa, na mwenyewe anapiga soga.

"Vipi dada, kuna kitu?"

"Daktari wako atakwambia."

Akavaa shati huku anacheka. "Kungekuwa na kibaya ungeshasema. Nakujua, wewe huwezi kunyamaza."

Nikamkabidhi bahasha yake iliyofungwa. Wiki mbili sikula vizuri. Nilipokwenda dukani nilimkuta amebeba katoni za sabuni, na bahasha iko rafuni, gundi haijaguswa.

"Mangi, hujaipeleka?"

"Ya nini? Nimeshapigwa picha, na siumwi popote."

Wengi walidhani hivyo, kwamba picha ndiyo tiba yenyewe. Niliiogopea kazi yangu, lakini nilimwogopea yeye zaidi.

"Tua hiyo katoni. Moyo wako umeelemewa na figo zinakwisha. Funga duka, twende kwa daktari sasa hivi."

Alianza dawa siku ile ile. Daktari Mkuu alipopata habari alinifokea mpaka miwani ikamshuka. "Nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna, daktari. Na kesho nitasema tena."

Hakunifukuza. Nimestaafu, Mangi yu hai, na wanawe wakiniona wananiamkia kwa heshima na kunishukuru. Shukrani zao zinanichoma. Kabla ya baba yao nilifunga bahasha miaka mitatu, nikawaaga watu kwa tabasamu, na hakuna hata mmoja niliyemfuata.