Mzee Aliyesema Hana Shida

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, nikajuta kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimepangiwa wilaya ya Manyoni, ofisi ya ustawi wa jamii, yaani ofisi inayopelekewa watu walioshindikana kwenye ofisi nyingine zote: watoto waliotelekezwa, wanandoa wanaopigana, wazee wasiojiweza. Bosi wangu wa kwanza, Afisa Ustawi wa Wilaya, alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, kisha akanisukumia faili.

"Binti, baiskeli unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Basi nenda Kintinku. Kuna bibi anasema wanawe wamemsusa. Na hivyo viatu viache hapa hapa."

Nilikwenda na kandambili za karani. Bibi mwenyewe nilimkuta anapepeta uwele, wanawe wapo, wamemnunia kwa sababu ya shamba. Tuliongea mpaka jua likapinda. Niliporudi, bosi aliniuliza swali moja tu: "Anaogeshwa na nani?" Sikujua. Akanirudisha kesho yake nikaulize. Nilimlaani njia nzima. Baadaye ndipo nilielewa kwamba swali hilo ndilo kazi yenyewe. Mzee anaweza kuwa na chakula, na paa, na watoto mjini, lakini kama hana mtu wa kumwogesha na kumgeuza, huyo hana matunzo.

Nawaeleza ninyi vijana kwa sababu mnanipigia simu kila wiki kuniuliza, "Mama, tumpeleke mzee wapi, na itagharimu nini?" Nimestaafu, jamani, niacheni nipumzike! Lakini haya, nitasema. Makazi ya wazee ya serikali hayalipiwi. Mle wanapokelewa wasio na kitu wala mtu, na anayetaka nafasi lazima apite kwa mtendaji wa kijiji, kwa kata, mpaka wilayani, na kila mmoja aweke muhuri wake. Makao ya watu wa dini yapo, ila mengine huiomba familia ichangie, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufungasha godoro. Mzee aliyetimiza miaka sitini na hana uwezo anastahili msamaha wa matibabu, yaani atibiwe bila kulipa. Asiye na karatasi ya utambulisho atazungushwa dirisha hadi dirisha kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Anayebaki nyumbani naye ana gharama zake: sabuni, maji, chakula laini, nepi za watu wazima, pikipiki ya kwenda zahanati. Kubwa kuliko zote ni mtu. Mtu wa kukaa naye lazima naye ale, avae, alipwe. Hapo ndipo watoto wengi huanza kutazamana.

Baada ya Manyoni nilihamishiwa Iramba. Nilizunguka Misigiri na vijiji vyake miaka mingi chini ya bosi wa pili, mama mmoja mkali aliyekuwa akirudisha taarifa zetu zikiwa zimejaa wino mwekundu. "Hapa umeandika 'hali mbaya'," alinigombeza siku moja. "Mbaya vipi? Mimi nitaipelekea kamati ya wilaya neno 'mbaya'?" Kwake nilijifunza kutathmini kaya. Unakwenda na dodoso, fomu yenye maswali, unatazama paa, unatazama vyombo, unatazama nani yupo na nani hayupo, unaweka alama. Nikawa hodari. Nikajiona hodari, niseme hivyo.

Kosa langu nililifanya Mtinko, nilipohamia Singida vijijini, nikiwa si mgeni tena kazini. Kulikuwa na mzee aliyeitwa Ntandu, mjane, mchimba visima wa zamani. Nusu ya kijiji ilikunywa maji aliyoyachimba kwa mkono, akivunja jabali kwa nyundo na moto. Mke alikufa, mtoto wao wa pekee alikufa, na miguu yake ikafa ganzi. Mtendaji wa kijiji aliomba apelekwe makazi ya serikali. Nafasi ilikuwa imepatikana moja, na mimi ndiye niliyetakiwa kuthibitisha kwamba kweli hana mtu.

Nilituma taarifa siku mbili kabla. Huwezi kumvamia mzee kama polisi. Nilipofika nilikuta ua umefagiwa, Mzee Ntandu ameketi kwenye kiti chenye mto, shati limepigwa pasi, blanketi jipya magotini. Mama mmoja alikuwa jikoni, vijana wawili wanapasua kuni. Nikapewa maji ya kunawa. Ukaletwa ugali wa uwele, mlenda, na kuku mzima.

Kanuni zetu zilikataza kula kwa mtu unayemtathmini. Lakini we! Umkatalie mzee wa Kinyaturu chakula uwanjani kwake, halafu umuulize maswali? Nilikula. Nikauliza, "Babu, una shida gani?"

"Sina shida, mwanangu. Nipo salama. Kula ushibe."

"Na hawa ni wako?"

"Wote wangu," akasema, akawaonyesha kwa mkono.

Niliweka alama: ana msaada wa familia. Kule wilayani Afisa Ustawi, bosi wangu wa tatu, alisoma akasema, "Huyu mbona anakula kuku? Mpe mwingine nafasi." Nafasi ikaenda kwa mwingine. Sikupoteza usingizi hata kidogo.

Mvua za mwaka huo zilipokwisha, mganga mfawidhi wa zahanati, yaani mkuu wa pale, aliniita. "Njoo uone mtu wako." Mzee Ntandu alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amelala upande mmoja muda mrefu mno, na mgongo wake ulikuwa na vidonda ambavyo sitavieleza hapa. Nilitoka nje. Yule mama niliyemkuta jikoni kwake alikuwa amekaa barazani, jina lake Mama Zuhura. Nikamvaa kwa maneno, Mungu anisamehe.

"Ninyi ndugu zake mmemwacha mzee aoze?"

Akanitazama. "Mimi ni jirani, dada. Nampelekea uji asubuhi na jioni, namgeuza nikipata nafasi. Mume wangu naye mgonjwa, na alizeti ilikuwa shambani."

"Na wale vijana?"

"Wa jirani pia. Aliwaomba waje, usimkute peke yake. Lile shati la mume wangu. Blanketi langu. Yule kuku ndiye aliyekuwa akimtagia, mayai tunauza tunamnunulia sabuni."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Mgeni anaambiwa shida kabla hajala?"

"Na baada ya kula?"

"Baada ya kula uliaga."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi ni Mnyiramba, nimezaliwa mkoa huu huu, mama yangu alikuwa akiazima sufuria kwa jirani kila akija mgeni. Nilijua. Niliketi pale nikala sabuni ya mtu, nikamwandika kuwa hana dhiki.

Niliandika tathmini upya, na makosa yangu nikayaandika, bosi akanifokea. Lakini utaratibu ulikuwa kwamba aliyewahi kukataliwa lazima jina lake lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na mwenyewe athibitishe mbele ya watu. Nilimweleza Mzee Ntandu akiwa bado kitandani pale zahanati.

"Hapana," akasema.

"Babu, ukikataa unarudi kule kule. Vidonda vitarudi. Safari hii vitakuua."

"Viniue. Wale nimewanywesha maji. Nisimame mbele yao niseme naomba kuogeshwa?"

Siku tatu nilikwenda na kurudi, akanigeuzia uso ukutani. Siku ya nne Mama Zuhura aliingia, akamwekea uji, akamwambia kwa Kinyaturu, nami nilielewa kiasi: amechoka. Kwamba mgongo wake mwenyewe unauma, kwamba atamgeuza mpaka siku atakapoanguka naye. Hakulia wala hakupaza sauti. Mzee alikunywa uji wote. Halafu akaniambia, "Waambie wanibebe."

Walimbeba na kiti chake mpaka ofisi ya kijiji. Mtendaji akasoma jina. Mzee Ntandu akavua kofia.

"Jamani, nimeisha," akasema. "Siwezi kujiosha, siwezi kujigeuza. Huyu mama mnamwua kwa ajili yangu. Naombeni mnikubalie niende."

Mikono ikanyooka yote, na wanaume wengine walikuwa wanatazama chini. Mimi nililia waziwazi, na mtendaji akajifanya hakuniona.

Nafasi nyingine ilipatikana, akapokelewa. Aliishi kule miaka kadhaa, safi, mgongo umepona. Nilipomtembelea aliniambia maneno yale mkutanoni yalikuwa mazito kuliko jabali lolote alilowahi kuvunja, na kwamba kama ningemuuliza tena leo, "Una shida gani?" huenda angenijibu vile vile. Mama Zuhura alikuwa akimtembelea kila baada ya mavuno.

Tangu hapo niliacha kuwauliza wazee shida zao. Niliwauliza jana walikula nini, nani aliwachotea maji, shuka lilifuliwa na nani mara ya mwisho. Niliongea na jirani kwanza. Taarifa zangu zikawa ndefu, wakubwa wakalalamika, nami nikazidi kuchoka. Wazee walikuwa wengi, nafasi chache. Siku ya kuagwa Mkurugenzi alinisifu kwa maneno mazuri ambayo nadhani alimsifu nayo pia dereva aliyeagwa wiki iliyotangulia. Nikapewa jora la kitenge, nikarudi nyumbani.

Sasa nakaa peke yangu. Ninyi mnaoniuliza gharama, nasema hivi: ulizeni mapema, kaeni watoto wote mgawane, huyu sabuni, huyu mshahara wa mtunzaji, huyu aje mwenyewe. Na msiamini sauti ya simu.

Juzi mwanangu wa Dodoma alinipigia. "Shikamoo mama, hujambo?"

"Marahaba, mimi mzima kabisa. Tena nimetoka kupalilia."

Akafurahi, akaaga. Nilikuwa siku ya tatu sijainuka kitandani, magoti yamevimba, ndoo iko tupu. Nimewagombeza watu mkoa mzima kwa jambo hili hili! Nikampigia tena.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Siwezi kusimama. Sina maji ndani. Njoo."

Akauliza, "Mama, tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Anakuja Jumamosi.