Mzee wa Kwenye Karatasi za Usipa

Mzee yule alifika nyumbani kwetu akiwa kwenye karatasi zilizofungia usipa. Mjomba wangu wa Lipingo, kaka yake mama, alikuwa akitutumia dagaa hao wa ziwani kila alipopata mtu wa kupanda milimani, na safari hiyo aliwafunga kwa karatasi zenye picha za rangi. Karatasi alizikuta kwenye robota la mitumba. Zilikotoka kabla ya hapo, Mungu ndiye ajuaye. Mama alipomaliza kuchambua samaki, nilizipangusa, nikazianika juani, nikazipanga kwa kubahatisha. Mpaka leo nikisikia harufu ya usipa naona rangi ya bluu ya picha zile.

Kiingereza sikukijua, kwa hiyo nilisoma picha. Palikuwa na mzee mweupe pe, mwenye kucha ndefu, aliyeonekana mkongwe kuliko kuta za jumba lake la mawe. Jumba lilikaa juu ya kilima, ukungu umelizunguka kama unavyozunguka vilima vyetu vya Kitura asubuhi, na mzee alitoka humo kwenda kunyonya watu damu. Mumiani, tungesema sisi. Palikuwa pia na kijana wa nguo za kubana, shuka jekundu mgongoni, aliyeruka angani kuja kumpiga. Bila shaka walikozichora picha hizo watoto walimshangilia. Mimi sikumpenda hata kidogo. Aliingia kwa mzee wa watu kupitia dirishani, bila hodi, bila shikamoo, akaanza kuvunja vyombo.

Picha niliyoirudia kila mara ni moja. Mzee amekaa kwenye meza ndefu, viti vitupu pande zote, mbele yake kikombe kimoja.

Kwetu chakula cha jioni hakikuliwa hivyo. Kila nyumba ya watoto wa babu ilipika, sisi wasichana tukabeba hadi uani kwake, na wanaume wa ukoo wakala pamoja na kumaliza mambo yao hapohapo. Tuliita sengu. Wanawake na wasichana tulikula jikoni, tukisikiliza sauti zao zikipanda na kushuka hadi usingizi ukatuchukua.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, na magari yao, na fedha mkononi. Baba mdogo mmoja akafungua duka Mbinga mjini, mwingine akahamia Songea. Baba alibaki, lakini alijenga nyumba ya matofali kando ya barabara, akanunua meza na viti vya kutosha ukoo mzima, na hapo akawa anakula, mlango umefungwa.

"Siku hizi kila mtu na kwake," alimwambia mama. "Mzee atapelekewa chakula. Kwani atapungukiwa nini?"

Basi nikawa nakipeleka. Babu alikifunua, akakitazama, akakifunika.

"Mwenye chakula yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, babu."

"Basi kirudishe kimfuate."

Alikuwa na kiburi, babu yangu. Alijichomea kiazi kimoja, akalala. Wiki zikapita, mashavu yakaingia ndani, vidole vikawa virefu, na mimi nikaanza kuelewa zile picha. Yule mzee hakuzaliwa mumiani. Alikula peke yake miaka mingi mno, hadi akawa vile. Sikuogopa kunyonywa damu. Niliogopa kwamba babu naye angegeuka, na kijana wa shuka jekundu angekuja kumpiga.

Kwa hiyo jioni moja nilipeleka chakula pamoja na karatasi zangu. Babu aliisogeza ile ya meza mbali na macho ili aione vizuri.

"Wanawe wako wapi?"

"Hawapo kwenye picha."

"Na huyu anayeruka?"

"Anakuja kumpiga."

"Wa ukoo gani?"

"Sijui, babu."

"Maskini," alisema, na alimaanisha mzee wa kwenye picha. Akanisogezea maji ya kunawa. "Kaa."

Msichana kwenye sengu, jambo hilo sikuwahi kulisikia. Tulikula ugali na usipa wa mama. Kahawa ilikuwa imechanua, mteremko mzima mweupe, na harufu yake ilikuwa nzito hata nikahisi mkeka wetu umenyanyuka kidogo kutoka ardhini na tunaelea, mimi na babu, juu ya mashamba. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa pia na aibu kubwa kwa ajili ya babu, aliyebakiwa na mjukuu wa kike tu wa kula naye.

Nyumbani nilimkuta baba mezani. Nikaweka ile karatasi ya meza kando ya sahani yake.

"Baba, leo nimekula sengu na babu. Hakukuwa na mtu mwingine."

"Wewe?" Alitaka kucheka. Kisha akaitazama picha. "Huyu ni nani?"

"Ni mzee ambaye watu wake waliacha kuja kula. Sasa anakunywa damu."

Jikoni mama aliacha kusugua sufuria.

Kesho yake baba alinipokea chakula mlangoni, akakibeba mwenyewe, mwanaume mzima na sahani iliyofunikwa, akapita mbele ya majirani wote hadi uani kwa babu. Nilimfuata nyuma.

"Umechelewa," babu alisema. "Nawa."

Baadaye nilijifunza Kiingereza, nikafahamu kwamba hadithi zile humtaka msomaji amwogope mzee na kumshangilia kijana. Nilikuwa nimeshachelewa kubadili upande.

Babu hayupo, mama tumemzika, na meza ya baba bado ipo. Nilipita kumwona hivi karibuni, tukala, nikaosha vyombo, nikaweka mkoba mlangoni tayari kuondoka.

"Yule mzee wa kwenye karatasi za usipa," baba alisema, "mwisho wake ulikuwaje?"

"Karatasi za mwisho hazikuwepo, baba."

"Nilidhani labda uliwahi kuzipata." Akatazama viti vitupu.

Nikarudi jikoni. Sahani yangu ilikuwa bado inachuruzika maji. Nikaichukua, nikaenda kuketi naye mezani.